Hamsini Nini?

"Naenda hamsini, Mwalimu."

"Hamsini nini? Maembe?"

Nilidhani ananitania. Ilikuwa siku yake ya kwanza kunitoa kwenye uwanja wa mazoezi na kuniingiza barabara kubwa. Nilikuwa nimeushika usukani kama mtu aliyeshika mbuzi anayetaka kumtoroka. Sikuwa na nafasi ya utani. Nikarudia, hamsini. Akaniambia nisimame kando, akanyoosha mkono, akazima gari mwenyewe, akakunja mikono yake na kusubiri. Malori yalipita, bajaji zikapita, na yeye anasubiri tu.

"Kilomita hamsini," nikasema.

"Hiyo ni safari. Mimi nimekuuliza mwendo."

"Kilomita hamsini kwa saa."

"Ahaa! Sasa umesema kitu. Washa gari, twende."

Huyo ndiye mwalimu wetu wa udereva pale Makole. Jina lake analo, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia. Wenye maduka ambao hawajashika usukani maishani mwao walimwita Mwalimu, trafiki walimwita Mwalimu, na hata mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa akija kumtafuta pale uwanjani anauliza, "Mwalimu yupo?" Alikuwa mwanamke mwembamba, Mrangi wa Kondoa, mtandio umefungwa vizuri kichwani, raba nyeupe miguuni, na miwani yenye kamba iliyokuwa ikining'inia kifuani muda wote kwa sababu aliona aibu kuivaa. Sauti yake haikuwa kubwa. Hakuhitaji sauti kubwa, maana upande wake wa gari kulikuwa na breki ya pili, na akiikanyaga hiyo unasikia mpaka mgongoni.

Simvishi kilemba cha ukoka. Mapungufu anayo, nitayataja. Lakini katika watu wote walionifundisha kitu, kuanzia darasa la kwanza hadi mafundi wa kukamua alizeti, huyu ndiye aliyenifanya nielewe jambo nililokuwa nikiliona kila siku bila kuliona.

Watu wa Dodoma, nami nikiwemo, tunapima umbali kwa muda. Uliza Kondoa ni mbali kiasi gani, utaambiwa masaa mawili na nusu. Uliza Majengo, utaambiwa dakika tano kwa bodaboda. Mwalimu akisikia hivyo anauliza, "Bodaboda ya nani?" Kisha anacheka peke yake. Kwake namba ilikuwa haijazaliwa mpaka iambiwe ni ya nini na kwa muda gani. Muuza nyanya akimwambia elfu mbili, anauliza kwa sado au kwa fungu. Mgonjwa akisema anameza vidonge viwili, anauliza kwa siku au kwa mara moja. Wengine walimwona msumbufu, na kusema kweli kuna siku hata mimi nilitamani anyamaze.

Alikuwa na msemo wake mwenyewe aliourudia mpaka tukaujibu kama kwaya: kilomita kwa saa ni lugha ya safari, mita kwa sekunde ni lugha ya breki. Alimaanisha hivi. Ukipanga utafika Mpwapwa saa ngapi, tumia kilomita kwa saa, itakufaa. Lakini mtoto akiukimbilia mpira mbele yako, huna saa nzima ya kufikiri. Una sekunde. Basi ujue gari linakula mita ngapi katika sekunde hiyo, maana mguu wako haujafika hata kwenye breki.

Akatufundisha kugeuza kichwani bila kalamu. Gawa kwa nne, halafu ongeza kidogo, sehemu ya kumi ya hicho ulichopata. Themanini ukigawa kwa nne ni ishirini, ongeza mbili, basi ni mita ishirini na mbili kila sekunde. "Sema Dodoma, taratibu," angetuambia. Tukasema Do-do-ma. "Mmeshapita nyumba na duka na mama aliyekaa barazani anachambua mchicha." Tulicheka, lakini tangu siku hiyo siwezi kuendesha themanini bila kumwona yule mama na mchicha wake.

Hakuwa mtu wa kujifanya anajua kila kitu, na hilo ndilo nililompendea zaidi. Katika kundi letu alikuwepo bwana mmoja mtumishi wa wizara, aliyehamia Dodoma pamoja na ofisi yake, mnene kidogo, mwenye saa kubwa ya kisasa mkononi. Alikuwa akikimbia kila asubuhi ili apunguze kitambi. Siku moja akafika uwanjani anatabasamu. "Mwalimu, nimeshuka kutoka saba mpaka sita!"

"Pole, baba. Umeumwa?"

"Hapana, nimeongeza kasi. Saba ilikuwa jana, leo sita."

Mwalimu akamkazia macho. "Umeongeza kasi, namba ikapungua?"

Bwana yule akaeleza kwamba wakimbiaji hawapimi kilomita kwa saa, wanapima dakika kwa kilomita. Dakika sita kwa kila kilomita, saba kwa kila kilomita. Anayetumia dakika chache ndiye mwenye mbio. Mwalimu akaanza kuhesabu, midomo inacheza. Kisha akapiga kofi kwenye boneti. "Saa ina dakika sitini, gawa kwa sita, kumi! Unakimbia kilomita kumi kwa saa! Kumbe ni jambo lile lile limepinduliwa kichwa chini!" Alifurahi kweli kweli. Wiki nzima hakufundisha kitu kingine. Wanafunzi wapya waliokuja kujifunza klachi na gia wakajikuta wanageuza dakika za wakimbiaji kuwa kilomita za magari, na yule bwana wa wizara akawa ndiye msaidizi wake, anatembea kifua mbele.

Mara nyingine alimpata rubani kijana, anajua kurusha ndege ila gari linamshinda kurudi nyuma. Kijana akamwambia kwamba wao wanahesabu kwa maili za baharini kwa saa. Mwalimu akacheka mpaka akashika mlango. "Baharini? Hapa Dodoma bahari iko wapi?" Lakini alipomaliza kucheka hakumwacha kijana mpaka amemweleza yote, kwamba maili ya baharini ni ndefu kuliko ya nchi kavu, na kwamba inakaribia kilomita mbili lakini haifiki. Tangu hapo, ndege ikishuka kuelekea uwanjani na kupita juu ya vichwa vyetu, alisimamisha somo, akaweka kiganja juu ya macho. "Ile inakuja na mia na ishirini za kwake. Za kwetu ni mia mbili na ishirini na kitu. Haya, kanyaga klachi."

Sasa mapungufu. Mtu huyu aliyejua mwendo wa kila chombo hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Akikuambia saa tatu asubuhi, wewe kunywa chai, fua, kaushe, halafu nenda. Ukimlalamikia anakujibu bila haya, "Mimi nafundisha mwendo, sifundishi saa." Jikoni kwake vipimo vyote viliishia mlangoni. Chumvi alimwaga kwa kuangalia dirishani, na wali wake ulikuwa ama uji ama kokoto. Tulikula tukasifu, kwa sababu ya heshima.

Tena alikuwa akiwasema bodaboda kila siku ya Mungu, anawaita wachumba wa makaburi, na Ijumaa mchana unamwona huyo amekaa nyuma ya bodaboda kuwahi msikitini, mtandio unapepea, mkono umemshika dereva bega. Tofauti yake na abiria wengine ni kwamba yeye alikuwa anatoa amri. "Punguza. Hapo ni mita kumi na nne kwa sekunde, na wewe breki zako nazijua." Kulikuwa na dereva mmoja tu aliyekubali kumbeba. Wengine wakimwona anatoka nje ya geti walikuwa wanawasha pikipiki na kuondoka.

Nimeeleza haya yote ili ujue ni mtu wa namna gani aliyesimama mbele yetu siku ile ya mdogo wangu.

Mimi nafanya biashara ya alizeti na karanga. Nyumbani kwetu ni Kibakwe, kule milimani, na Makole ndiko ninakoishi ili niwe karibu na soko la Majengo. Nilinunua pikapu ya zamani ya Kiingereza, usukani mgumu, mlango mmoja unafunguliwa kwa nje tu. Ilikuwa na sifa moja, ilipanda mlima wowote. Kwa miaka mingi ilifanya kazi Kibakwe kwenye vumbi na makorongo, na kule hakuna anayeangalia spidi. Unaangalia jiwe lililo mbele na kusikiliza injini. Mshale wa spidi ulikuwepo, unacheza cheza mwanzoni mwa namba, na hakuna aliyekuwa na shida nao.

Dereva wake alikuwa mdogo wangu, Elia. Nilimleta mwenyewe kwa Mwalimu akajifunza, akapata leseni bila kuhonga mtu. Elia ni kijana mwenye roho nzuri, mchapakazi, lakini ana kasoro moja inayojulikana Kibakwe nzima, anaongeza chumvi. Akiona chatu, atakuambia alikuwa na mapembe. Akichelewa, njiani amekutana na harusi, msiba na mkutano wa hadhara. Mama alikuwa akimsikiliza anatikisa kichwa tu.

Kisha sehemu ya barabara ya kuja mjini ikawekwa lami. Tulishangilia wote. Na lami ilipokuja, pikapu yetu kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utumishi ikapata mahali pa kukimbia.

Jioni moja, wakati wa mavuno, Elia alikuwa anashuka mjini na mzigo wa alizeti. Katika kijiji kimoja kabla ya Mpwapwa, kwenye kibao cha hamsini, alimgonga mwanamume aliyekuwa akivuka na baiskeli yenye madumu ya maji. Alikanyaga breki, gari likateleza, na halikusimama mapema. Yule baba hakufa, tunamshukuru Mungu. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Baiskeli ilikunjika, na maji yakamwagika barabarani katika nchi ambayo maji yanafuatwa mbali.

Wanakijiji walisema gari lilipita linakimbia mno. Elia akaapa alikuwa hamsini. Trafiki alipima alama za matairi barabarani, akamwambia, "Kijana, hamsini haichori mistari mirefu namna hii." Elia akaapa tena. Aliapa kwa Mungu, kwa kaburi la baba, kwa mimi dada yake. Na kadiri alivyoapa, ndivyo tulivyozidi kumwona mwongo. Kila aliyekuwa anamfahamu alikumbuka chatu mwenye mapembe.

Mama alishuka kutoka Kibakwe hadi Mpwapwa tulikofikia, akamtazama mwanawe mbele ya watu. "Kugonga ni ajali, inampata yeyote. Lakini wewe unadanganya mbele ya mtu ambaye amelala mguu umevunjika? Huo uongo nimekufundisha mimi?" Kisha akageuka. Alikaa siku hizo zote bila kumwita jina. Akitaka kumtuma maji anasema, "Mwambieni huyo." Mimi mwenyewe nilimtetea Elia kwa midomo, moyoni sikumwamini. Alikonda akawa haongei kabisa, yeye aliyekuwa haishiwi maneno, na nikaanza kuogopa kwamba atajidhuru.

Ndipo nikampigia Mwalimu. Sikujua namwitia nini. Nilitaka tu mtu aje akae naye.

Alifika kwa basi, amechelewa kama kawaida yake. Hakuuliza habari za kesi. Aliomba kupelekwa kwenye gari, lililokuwa limewekwa kwenye uwanja wa kituo cha polisi. Akamwambia Elia apande, akae kama alivyokaa siku ile, mikono kwenye usukani. Elia akapanda.

"Mshale ulikuwa wapi? Nionyeshe kwa kidole. Usiseme, onyesha."

Elia akaweka kidole kwenye hamsini. Hakusita.

Mwalimu akavaa miwani. Nilijua basi jambo ni zito. Akaingiza kichwa dirishani, akachukua ncha ya mtandio wake, akafuta vumbi kwenye kioo cha mshale, vumbi la Kibakwe lililokaa pale miaka. Chini ya namba kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza. Aliyasoma. Midomo ikaanza kucheza. Hamsini, ongeza nusu yake, sabini na tano, ongeza sehemu ya kumi ya ile hamsini, themanini. Nilimwona akifika kwenye jibu, kwa sababu uso wake ulishuka.

"Hii ni maili," akasema. "Hili gari linahesabu maili kwa saa. Hamsini yake ni themanini yetu."

Elia akamwangalia bila kuelewa.

"Hukudanganya, mwanangu. Uliona hamsini kweli." Elia akaangua kilio, kichwa juu ya usukani. Mwalimu akamwacha alie kidogo, kisha akamshika bega. "Lakini ulikimbia. Yote mawili ni kweli, na utayabeba yote mawili. Na mimi nitabeba langu. Nimekufundisha kusoma namba kwenye magari ya Kijapani, kumbe unakwenda kuendesha gari la Kiingereza. Mimi ninayemuuliza kila mtu hamsini nini, gari lako sikuliuliza."

Nilisema, "Mwalimu, gari ni langu." Akanijibu kwa mkono tu, kama anayefukuza inzi.

Angeweza kuishia hapo, akapanda basi, akarudi Makole. Hakufanya hivyo. Alitaka kwenda kwa yule baba aliyeumia, na alitaka sisi wote twende, mama pia. Tulimkuta amekaa nje ya nyumba yake, mguu kwenye plasta, umewekwa juu ya kigoda. Mwalimu alimsalimia kwa Kigogo, "Mbukwa," na yule baba akaitikia kwa mshangao kidogo kusikia salamu hiyo kutoka kwa mgeni. Mwalimu akajitambulisha. "Mimi ndiye niliyemfundisha huyu kijana. Sikuja kumtetea. Nimekuja kukueleza ulichofanyiwa, maana una haki ya kukijua."

Akachora mstari kwenye vumbi kwa kisigino. Akamwambia Elia atembee kutoka pale, hatua kubwa, kila hatua kama mita moja. Alipofika kumi na nne akamsimamisha, akachora mstari wa pili. "Gari likienda kilomita hamsini kwa saa, katika sekunde moja linafika hapa." Akamwambia Elia aendelee. Alipofika ishirini na mbili akachora wa tatu. "Yeye katika sekunde hiyo hiyo alifika pale. Alisoma hamsini, lakini ni hamsini ya Waingereza. Hakujua. Hapo kabla hajagusa breki."

Watu walikuwa wamejaa uani. Yule baba aliinama mbele juu ya mguu wake, akatazama mstari wa pili, akatazama wa tatu, akautazama ule uwazi wa katikati.

"Kwa hiyo mguu wangu ulikuwa hapo," akasema. "Kati ya huu na ule."

"Hapo hapo, baba," Mwalimu akamjibu. Hakulainisha neno.

Elia alikuwa bado amesimama kwenye mstari wa mwisho. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi. Mama yetu, aliyekuwa amekaa mbali na wanawake, aliinuka, akapita katikati ya watu, akamshika mwanawe mkono na kumwita jina lake. Nililia bila kuona haya.

Yule baba hakusema amesamehe. Alisema, "Nimeelewa," kisha akaomba maji ya kunywa. Mwalimu alituambia njiani tusimdai zaidi ya hapo.

Kesi ilikwenda kama kesi zinavyokwenda. Elia alikiri kosa, akafungiwa leseni kwa muda, na sisi tukagharamia matibabu. Gari nililirudisha nyumbani, na Mwalimu akanikataza kulibadilisha mshale. Aliomba rangi ya kucha kwa binti wa jirani, nyekundu, akachora mstari mdogo juu kidogo ya thelathini. "Hamsini ya kibao inaishia hapa. Atakayeendesha asome hapa."

Lakini aliyebadilika zaidi alikuwa yeye. Alifunga mafunzo karibu mwezi mzima. Watu wakasema amezeeka, amechoka. Aliporudi alikuwa na kipande cha khanga, na kwenye somo la tatu au la nne alikitumia kufunika kioo cha mshale wa gari la mafunzo. "Niambie unakwenda ngapi." Mwanafunzi anababaika. "Angalia nguzo za umeme zinavyokuja. Sikiliza injini. Sikiliza matairi. Niambie." Mwanafunzi anakisia, Mwalimu anainua khanga, wanatazama pamoja, anafunika tena. Wengine walilalamika kwamba hawakulipa ada ili wafundishwe kubahatisha. Yeye aliwajibu kwamba mshale ni shahidi, na shahidi unamsikiliza lakini unamuuliza pia anatoka wapi. Wanafunzi wa miaka hiyo ya mwisho ndio madereva bora niliowahi kupanda nao. Unawajua barabarani, wanapunguza mwendo kabla hawajakiona kibao.

Elia ndiye aliyekuwa kidonda kisichofunga. Leseni ilirudi, akaiweka kabatini. Pikapu ikawa inaendeshwa na kijana wa kukodi. Elia alilima, akachunga, akabeba magunia mgongoni, lakini hakugusa usukani. Mwingine akimtania anatoka na kwenda shambani. Alikuwa ameacha hata kuongeza chumvi. Sikuwahi kudhani ningeukosa uongo wa mdogo wangu, lakini niliukosa. Mwalimu aliuliza habari zake kila tulipoonana. "Ameendesha?" Bado. "Haya."

Mara ya mwisho niliyokaa na Mwalimu siku nzima ilikuwa Kibakwe. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, daktari alikuwa amempangia upasuaji wa mtoto wa jicho, na alikuwa ameshaacha kufundisha. Nikashangaa kumkuta kwa mama asubuhi, ameshuka kwenye basi na mkoba wake, akipapasa ukuta kutafuta mlango.

"Shikamoo, Mwalimu. Umekujaje peke yako?"

"Marahaba. Nimekuja kwa basi. Elia yuko wapi?"

Elia alikuja, akamsalimia, mikono ina udongo.

"Nataka kwenda kumjulia hali yule baba wa baiskeli," Mwalimu akamwambia. "Nipeleke."

"Nitakusindikiza kwa basi, Mwalimu."

"Nimeshuka kwenye basi sasa hivi, mgongo unaniuma. Gari lipo."

"Dereva hayupo."

"Mbona namwona? Tena mimi siku hizi siwaoni watu."

Elia hakucheka. Alisimama akiangalia chini, na nilijua atakataa. Alisema polepole kwamba akishika usukani anaisikia ile baiskeli. Mwalimu hakumwambia asahau, wala hakumwambia ni mambo ya zamani. Alisema, "Najua. Hata mimi naisikia, na sikuwepo. Twende tukaisikie wote." Mama akatoka jikoni na jogoo aliyefungwa miguu, zawadi ya yule baba, akaenda kumweka ndani ya gari bila kumuuliza mtu. Elia akamtazama yule jogoo pale kitini. Kisha akaenda kunawa mikono.

Tukaondoka watatu mbele, Mwalimu dirishani, mimi katikati. Tangu tushuke mlima mpaka tukafika lami, Elia aliendesha kwa mwendo ambao punda wawili wenye mizigo walitupita. Sitanii, walitupita, na mwenye punda akatuangalia kwa huruma. Mwalimu alikuwa ameegemeza kichwa, anasikiliza.

Yule baba tulimkuta anatembea kwa mkongojo, akijiandaa kwenda zahanati ya kijiji cha mbele, mguu ulimsumbua siku za baridi. Alimpokea jogoo, akamsifu uzito. Aliuliza tumekuja na nini. Nilipomwambia, akalitazama lile gari muda mrefu, akalizunguka, akagusa bampa kwa ncha ya mkongojo. Kisha akafungua mlango ule unaofunguliwa kwa nje, akapanda.

"Mnipeleke zahanati," akasema. "Basi linachelewa."

Mwalimu akasogea katikati, mimi nikahamia nyuma, nikakaa karibu na kidirisha kisicho na kioo ili nisikie. Elia aliwasha gari. Mikono yake niliiona, ilikuwa imekakamaa kama yangu siku ile ya kwanza. Tukatoka kijijini tunatambaa. Tukapita kibao cha kumaliza hamsini, bado tunatambaa. Barabara ilikuwa tupu, imenyooka, hakuna hata kuku.

Yule baba alivumilia, akavumilia, akaishiwa.

"Kijana, kaza mwendo kidogo. Zahanati itafungwa, na mimi sitaki kurudi kesho."

Elia akageuka kumtazama Mwalimu.

"Usinitazame mimi," Mwalimu akasema. "Mwenye mguu ndiye amesema."

Elia akakanyaga klachi, akaingiza gia. Injini ikabadili sauti, na upepo ukaanza kunipiga usoni pale nyuma. Yule baba akaunyoosha mguu wake mbele kadiri ulivyoweza kunyooka, akaegemea kiti, akafumba macho.